Picha Mbili za Mpira

Graciela alipanga picha mbili mezani: moja ya mpira mmoja, nyingine ya mipira minne. Mbele yake Inés, mtoto wa miaka miwili na ushei, alikuwa amepakatwa na bibi yake, Bi Casilda.

Bi Casilda hakumkumbuka Graciela. Miaka kumi iliyopita, kwenye meza hiyohiyo, akiwa yeye ndiye mpimaji wa akili za watoto, alimpima mwana wa Graciela kwa Kihispania cha watu wa mjini, wanaotamka neno mpaka mwisho. Ng'ambo ya mto, kwa kina Graciela, watu humeza mkia wa neno, ile 's' ya mwisho, na mkia huo ndio unaomjulisha mtoto kuwa vitu ni vingi. Mwana wa Graciela aliduwaa. Bi Casilda akaandika: akili nzito. Jina hilo limemganda kijana hadi leo, na Graciela akaisomea kazi hii ya kupima watoto akiingoja siku yake.

Mkuki kwa nguruwe, alijisemea moyoni.

"Haya mwanangu, nionyeshe mipira," alisema kwa lafudhi ya ng'ambo, mkia wote kaumeza.

Inés akatazama picha hii, akatazama ile, akaduwaa.

"Mbona unamsemesha hivyo?" Bi Casilda akamaka. "Hawezi kukuelewa!"

"Wangu naye hakukuelewa, Bi Casilda."

Bi Casilda akamkazia macho, kisha akamkumbuka. Graciela akachovya kalamu kwenye wino, akaivuta karatasi aandike maneno yaleyale.

Inés akazichukua picha zote mbili, maana zote zilikuwa na mpira, akamnyooshea Graciela.