Jaribio la Tano

Kompyuta ilikataa kwa mara ya nne. "Jibu si sahihi. Limebaki jaribio moja."

"Ina maringo kuliko bibi harusi," alisema Saidi, mganga wa zahanati, lakini hakucheka.

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Saa nane kamili mfumo ungefunga maombi ya dawa, na kabati la zahanati lilikuwa tupu. Nje, kina mama walikaa kwenye benchi na watoto wenye homa. Kama maombi yasingekwenda leo, dawa zisingekuja kwa miezi miwili.

Fundi Leonidasi alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa pikipiki kutoka Kasulu mjini, matope hadi magotini. Mafundi wengine waliopigiwa simu walisema barabara ya kuja huku Kagerankanda haipitiki. Yeye alipotajiwa akaunti ilikuwa ya nani, aliomba arudiwe jina hilo, kisha akasema anakuja.

Akaunti ilikuwa ya muuguzi Josephina Ininahazwe, aliyefariki mwezi uliopita. Ndiye peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kuagiza dawa, na nywila alikwenda nayo. Ukiomba nyingine, mfumo unatuma namba kwenye simu yake, ambayo imezimwa. Au unauliza swali alilolichagua mwenyewe: Baba yako anaitwa nani?

"Hizo mara nne mliandika nini?" fundi aliuliza.

"Ininahazwe," alisema Saidi, mtu wa Tanga. "Kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kila namna. Jina la pili si ndilo la baba?"

Asnath, muuguzi msaidizi, aliguna. "Mganga nawe! Huku kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Watoto sita, majina sita. Si ungeniuliza?"

"Ulikuwa unazalisha, dada yangu. Ningekuitaje?"

"Na huyo baba?" fundi aliuliza, macho yakiwa kwenye skrini.

"Josephina alituambia alikufa zamani," alisema Asnath, "yeye akiwa mdogo. Alilelewa na mjomba wake, Tharsisi, kule Kibondo. Ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyemzika. Hata kwenye simu alikuwa akimwita baba. Andika Tharsisi, fundi."

"Hilo hilo," alisema Saidi. "Zimebaki dakika kumi na mbili."

Leonidasi hakugusa kibodi. Sweta la kijani la marehemu lilikuwa bado kwenye mgongo wa kiti, na tangu alipofika alikuwa amekataa kukikalia. Alifanya kazi ameinama.

"Watu utawaambia lolote," alisema polepole. "Mashine ni tofauti. Mbele ya mashine uko peke yako. Unaandika lililo kweli."

"Kweli gani tena, mzee? Aliyemlea tunamjua."

"Aliwahi kumtaja? Huyo aliyekufa?"

"Mara moja tu," alisema Asnath. "Alisema hata sura yake haikumbuki. Fundi, watoto wako nje."

"Nawasikia."

Mtoto mmoja alikuwa akilia kwa sauti iliyokauka. Saidi alifunga dirisha, halafu akalifungua tena kwa sababu ya joto.

"Dakika nane, mzee wangu. Tafadhali."

Leonidasi alivuta kibodi. Vidole vilivyofanya kazi hiyo miaka kumi na tisa vilitafuta herufi moja moja, kama vya mtu anayejifunza. Asnath alisogea nyuma yake ili asome, akakunja uso.

"Fundi, tumesema Tharsisi. Hilo si jina lako wewe?"

"Ndilo la baba yake," alisema, akabonyeza kabla hajashikwa mkono.

"Jibu si sahihi. Akaunti imefungwa."