Hodi za Mama

Mama yuko kwenye kompyuta yangu tangu tulipomzika, kama wazee wote siku hizi. Humo ana nyumba yake ileile ya Muheza, ila maji na mwanga wake vinatoka kwenye mashine yangu, hivyo kila anapotaka kitu ananipigia hodi mimi mwenyeji.

Hodi, taa. Hodi, maji. Hodi, maji tena, na yale ya kwanza hata hayajafika. Nakoroga uji, hodi. Niko msalani, hodi.

"Mama, unanichosha," nilimwambia Jumatatu. "Ukishapiga hodi nikaitika, nyingine za nini? Najua upo. Mahitaji yako yaache mlangoni, nitayaona mwenyewe."

"Sawa, Sikudhani. Ukimaliza kunihudumia utaniambia, nianze tena kupiga hodi?"

"Nitakuambia."

Nikazima hodi zake. Nikampa yote yaliyokuwa mlangoni, kisha nikarudi kwenye uji wangu. Raha iliyoje. Nilipika, nikafua, nikalala mchana bila kushtuliwa na mtu.

Ijumaa, nikifuta vumbi kwenye mashine, ndipo nilipokumbuka kwamba sikumwambia nimemaliza, aanze tena kupiga hodi.

Nikafungua mlango wake haraka. Maombi yalikuwa yamerundikana mlangoni: taa, maji, taa, taa, taa. Nikawasha taa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameuelekea mlango, midomo imemkauka.

"Mama, siku zote hizi? Si ungepiga hodi tu?"

"Ulisema unajua kwamba nipo."