Vuta

Daktari alimwekea Tarsis kipimo mgongoni. "Vuta."

Tarsis, muuza nazi wa Kariakoo, alivuta pumzi ikaishia njiani. Akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Mapafu yameharibika, mzee. Sigara uache leo."

"Mwambie na huyu mke wangu. Tunavuta pakiti moja."

Kipimo kikahamia kwa mkewe. "Vuta, mama."

Pumzi iliingia yote, bila mkwaruzo.

"Wewe mzima."

"Umesikia?" Tarsis akacheka. "Mzima aendelee kuvuta, mimi ninuse moshi! Sitaweza, daktari."

Mkewe alifungua pindo la khanga, akatoa sigara mbili, akazisugua viganjani hadi tumbaku ikamwagika sakafuni.

"We mwanamke! Si umezipangia foleni dukani tangu alfajiri, na sigara zimeadimika mji mzima?"

"Ndiyo. Sasa tumelingana."