Wageni wa Nekoye

Rispah alichota tonge jingine la udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe, akalibandika ukutani, akaguna. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Ameinama tangu jogoo wa kwanza, sebule ndiyo hiyo imekwisha, na bado jikoni!

"Ati maprofesa?" Jirani yake Nabwile alitua mtungi wa maji. "Si utaanguka kabla hawajafika, bana!"

"Wacha mimi nianguke. Nekoye asianguke."

Nekoye, mke wa mwanawe, alikuwa ameenda Kitale kuwachukua wageni. Leo ndiyo leo. Wakiridhika, ataitwa daktari. Wasiporidhika, jasho la miaka yote hiyo ya masomo limeenda na maji. Na jasho lenyewe Rispah alikuwa ameliona kwa macho yake. Mtoto wa watu amekonda mpaka nguo zinamkimbia.

"Mama, usijisumbue," alikuwa amesema akiondoka. "Nyumba iache vile iko."

Adabu hiyo! Nani hupokea watu wakubwa kwa nyumba isiyosiribwa?

Rispah aliingia jikoni, akachoka upya. Hapa ndipo alipomfundisha Nekoye kusiriba, na masikini, mkono ulikataa kabisa. Mara alete udongo wa Naitiri, mara wa Bokoli, apake kiraka hapa, akiache kipasuke, apake kingine pale. Rispah hakuwahi kumcheka. Aibu ya mke wa mwana ni ya mama mkwe pia, na ya kufichwa hufichwa. Akapaka, akalainisha, akapaka tena, mpaka jikoni pote pakawa rangi moja.

Ni kitabu alichoandika Nekoye tu hakukigusa kwa mikono michafu. Kinene kama Biblia ya kanisani, alikuwa amekifunga kwa nailoni na kukiweka juu ya kabati, tope lisikirukie.

Gari liliposimama nje, alinawa haraka, akatoka na kitabu kifuani.

"Karibuni! Kazi yake hii hapa, haina hata doa."

Profesa mkubwa alikipokea kwa heshima, akamrudishia.

"Hiki tulishakisoma, mama. Ni maelezo tu. Tumekuja kutahini ukuta wake wa jikoni."

Nekoye, akicheka kwa mara ya kwanza mwaka huu, alikuwa tayari anawafungulia mlango wa jikoni.