Watu wa Sawa

Kompyuta ilikataa tena. Fundi aliikodolea macho, akajikuna kichwa, akaanza upya.

“Inasemaje?” mkewe aliuliza kutoka kitandani, nyuma ya pazia lililotenganisha duka na chumba chao.

“Inasema programu hii imetengenezwa kwa mfumo mwingine, si huu wangu.”

“Basi iache. Daktari atazisoma picha Alhamisi.”

“Alhamisi mbali, Kipengo.”

Alimwita hivyo tangu siku za uchumba, kwa ajili ya meno mawili ya mbele aliyoyapoteza utotoni alipoanguka na ndoo ya maji. Asubuhi ile hospitali ilikuwa imempiga picha za kichwa, ikawapa diski na miadi ya kumwona daktari bingwa. Mama yake Kipengo alikufa kwa uvimbe wa ubongo. Filamu ya picha ya kichwa cha marehemu ilikuwa bado juu ya kabati, na fundi aliijua vizuri: doa jeupe upande wa kushoto, kubwa kama yai. Wote wawili walijua wanachokitafuta ndani ya diski, na hakuna aliyethubutu kukitaja. Fundi aliogopa kuliko mgonjwa mwenyewe.

Diski ilikuja na programu yake ya kufungulia picha. Shida ni kwamba fundi, kama mtaa mzima ulivyojua, alitumia mfumo wa bure ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, na alijivuna nao kama mtu aliyefuga mbuzi wa vichwa viwili. Kompyuta za wateja zilizorundikana mezani zilikuwa mahututi zote. Na kwenda kuomba kwa jirani wa fotokopi, mkewe alikataa katakata. Yule bwana alikuwa na mdomo usio na mlango. Habari ingefika sokoni kabla wao hawajafika nyumbani.

Basi akatafuta programu ya katikati, ya kufanya kazi ya mkalimani: ile ya hospitali izungumze lugha yake, kompyuta isikie ya kwake. Ikakwama. Akabadilisha hiki, akafuta kile. Madirisha madogo yalichomoza na maneno yao marefu, naye akayabonyeza Sawa, Sawa, Sawa, bila kuyasoma. Wateja wake aliwasema kila siku kwa tabia hiyohiyo. Aliwaita watu wa Sawa. “Kompyuta inakuuliza nichome nyumba yako,” angewaambia, “na wewe unabonyeza Sawa!”

Kioo kikawa cheusi, kisha kichwa kikatokea.

Fundi aliisogeza picha moja baada ya nyingine, kutoka utosini hadi shingoni, akarudi juu, akashuka tena. Akapanda kwenye kiti, akaishusha ile filamu ya mama mkwe, akailinganisha kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna doa. Kushoto safi, kulia safi. Alipiga yowe lililowashtua wapita njia.

“Njoo uone! Njoo, mke wangu!”

Mkewe alikuja akishika ukuta. Aliitazama picha ya upande, fuvu limetulia kwa madaha kama la malkia, akaziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake anapocheka.

“Kumbe kwa ndani mimi mzuri hivi!”

“Kwa ndani na kwa nje.”

Wakalia wote wawili, wakashikana mabega katikati ya nyaya na vumbi.

Alhamisi ilipofika, Kipengo hakuvaa hata viatu. “Umeona kwa macho yako mwenyewe,” alisema. “Nikakalie benchi kutwa nzima, niambiwe nini?” Fundi alisita kidogo, kidogo tu. Kisha akamtilia chai.

Na kweli, nuru ilimrudia usoni. Aliimba akifua. Aliwasimulia majirani wote, hata wale aliokuwa akiwaficha, jinsi mumewe alivyomsoma kichwa hapohapo dukani. Bado alilala sana, lakini nani asingelala baada ya hofu ile? Siku moja kikombe kilimponyoka, na baada ya muda kikafuata kingine.

“Utatufilisi, Kipengo,” fundi alimtania.

“Si mimi, ni huu mkono wa kulia. Umekuwa mvivu siku hizi.”

Wakacheka.

Mvua zilipokatika, kocha wa timu ya mtaa aliingia dukani akichechemea, na diski ya hospitali ileile mkononi.

“Fundi, shemeji kaniambia wewe ndiye daktari wetu. Hizi picha za goti langu. Yule bingwa hayupo mpaka wiki ijayo, na mimi nina fainali.”

“Umefika,” fundi alisema, kifua mbele. “Kwangu hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kipengo! Mletee kocha chai!”

Akatumbukiza diski, akaifungua ile programu. Dirisha dogo likachomoza na maneno yake marefu, yaliyoishia na “picha za mfano”. Akabonyeza Sawa.

Kioo kikawa cheusi, kisha kichwa kikatokea. Kushoto safi, kulia safi. Kwenye picha ya upande, meno ya mbele yalikuwa yamejipanga yote, bila pengo hata moja.

“Fundi,” kocha alisema, “mimi nimekuletea goti.”

Nyuma ya pazia, kikombe kilianguka.