Mbili Zilizopinda

Mwalimu Kiwelu alirudi darasani baada ya kupooza mkono wa kulia. Alishika chaki kwa mkono wa kushoto, akaandika ubaoni polepole, herufi zikiyumba: Na + Cl₂ → NaCl.

"Atomu za klorini ni mbili huku, kule moja. Tusawazishe," alisema.

Chaki ikamponyoka. Mwanaidi, aliyekaa dawati la mbele, akaiokota.

"Nikuandikie, Mwalimu?"

"Nipe tu, mwanangu."

Darasa zima lilijua jibu, lakini hakuna aliyelitamka. Mwalimu akaandika mbili mbele ya NaCl, akapumzika kidogo, kisha akaandika mbili nyingine mbele ya Na. Zote zilipinda.

Mwanaidi akafungua daftari lake, akazinakili vilevile zilivyopinda.