Uyoga wa Mzee Lenzi

Mama Pacha alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamwaga kikapu kizima cha uyoga juu ya rundo la majani makavu, nyuma ya ukuta wao uliopakwa rangi nusu. Mumewe ni fundi rangi. Za watu humaliza, ukuta wake mwenyewe ulimshinda katikati.

"Wifi!"

Kikapu kilimponyoka. Dada wa mumewe, muuguzi aliyefika jana kuwatembelea, alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mswaki mdomoni.

"Huo si uyoga wa baba? Katoka nao msituni sasa hivi, hata viatu hajavua!"

"Shusha sauti, nakuomba." Mama Pacha akamvuta kando. "Baba yako nampenda, Mungu anajua. Lakini macho hana, wifi. Leo asubuhi kaliita pipa la maji 'mwanangu', kaliuliza limeamkaje."

Wifi alicheka mpaka povu la mswaki likamrukia mwenzake usoni.

Mzee huyo, mtaa mzima ukimwita Mzee Lenzi, alitengeneza saa ujana wake wote. Hadi leo hukagua kila uyoga kwa kile kilenzi chake cha kazi. Tatizo, kilenzi hukibana kwenye jicho lililo bovu zaidi, na ukimwambia atakununia mpaka chai ya jioni. Kila Jumamosi hurudi kifua mbele, kikapu kichwani kama kombe la ushindi. Kumwambia uyoga wake hauliwi ni kumvua nguo mbele ya wajukuu. Kuula nao, huenda ni kuwazika hao wajukuu.

"Kwa hiyo unautupa," wifi alisema.

"Nautupa. Halafu nanunua mwingine kwa bibi mmoja pale njia panda, napika, nasema ni wake. Yeye anafurahi, sisi tunaamka salama."

"Umefanya la maana. Wodini kwetu wanaletwa wamekunjamana kama matambara, na kila mmoja anakuambia eti wenye sumu hujulikana kwa rangi, eti ukiuchemsha na kitunguu saumu sumu inakimbia. Ikimbilie wapi? Inakusubiri tumboni! Uyoga usioujua, dawa yake ni kutupa."

"Ndiyo hivyo natupa, wifi yangu."

Mama Pacha alifua nguo za watoto, akaanika, ndipo akaenda njia panda. Ukiwahi mno, yule bibi hukuambia mzigo bado. Sasa ulikuwa umefika, umepangwa kwenye sinia, mweupe, mnono, wa kupendeza. Bibi mwenyewe hana maneno mengi, na kwa Mama Pacha alikuwa kama ametumwa kutoka mbinguni. Hata mwezi uliopita, mzee alipobanwa na mafua asiende msituni, bibi naye siku hiyo alikuwa mikono mitupu. Mama Pacha alisema Mungu si Athumani: siku asiyouhitaji, haupo.

Mchana, mezani, mzee alibana kilenzi chake, akachokoachokoa bakuli, akainua kipande juu.

"Huu hapa! Huu nimeukata kwenye lile gogo lililolala. Tazameni mkato wake, mshazari. Mkono wa fundi saa haupotei."

"Haupotei, baba," Mama Pacha aliitikia, na wifi akamfinya paja chini ya meza.

"Naujua uyoga wangu hata gizani."

"Gizani ndiko anakouokota," wifi alinong'ona, akainama kujifanya anatafuta kijiko.

Fundi rangi alijiongezea mchuzi bila kuuliza lolote. Pacha waligombania kipande cha mwisho, kikaangukia kwa shangazi yao, naye hakukirudisha. Bakuli lilibaki jeupe kama halijatumika.

Wakiwa uani wanaosha vyombo, wifi aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na huyo bibi ana banda kubwa?"

"Banda la nini?"

"La kulimia uyoga. Umeliona?"

Sahani ilimteleza Mama Pacha, ikazama kwenye beseni. Miezi yote hiyo aliona sinia safi, akaridhika. Kuuliza, hakuuliza. Na saa hiyohiyo akasikia tumbo lake likinguruma, likimwita kwa jina.

Walitoka mbio, mikono ina povu, Mama Pacha na sufuria mkononi, wifi kavaa ndala za mzee kinyume, ya kulia kushoto.

Bibi alikuwa anakunja mkeka wake.

"Shikamoo, bibi," Mama Pacha alihema. "Uyoga wako... unaulimia wapi?"

"Marahaba. Kulima? Kwa mgongo huu? Mimi naokota tu."

"Unaokota!" Wifi alishika tumbo kwa mikono miwili. "Msituni?"

"Msituni, nina wazimu? Msituni kuna sumu, mwanangu, hamjui?" Bibi aliangaza huku na huku, akawavuta wote wawili karibu. "Ila msimwambie mtu, wataniharibia. Kuna nyumba huko chini, ukuta wake umepakwa rangi nusu. Nyuma yake pana rundo la majani makavu, na kila Jumamosi unaota hapo, haukosi. Ajabu yake moja tu: pale huota kichwa chini, miguu juu."